Superman Hakuangushwa na Laana, Wala Hakuinuliwa na Nia

Habari za Christopher Reeve huku kwetu zimebaki vipande vipande. Wengi wanamjua kwa filamu: joho jekundu, herufi S kifuani, kanda za video zilizoazimwa mtaa mzima mpaka picha zikaanza kuruka. Wanajua pia kwamba aliangushwa na farasi, akapooza, akafa. Kati ya kuanguka na kufa, yaani tangu Mei 27, 1995 hadi Oktoba 10, 2004, kuna miaka tisa na ushei ambayo kila mtu anaijaza apendavyo. Huyu anaijaza laana, yule miujiza ya sayansi, mwingine mahubiri ya kutokata tamaa. Mahubiri ndiyo yanayonisumbua zaidi, maana huishia kitandani kwa mtu mwingine kabisa: kijana aliyevunjika shingo kwa bodaboda anaambiwa na wanaokuja kumjulia hali kwamba akitia nia atatembea, si unamwona yule Superman? Haya, tumwone.

La laana nitalimaliza upesi, halistahili karatasi nyingi. Inasemwa kwamba George Reeves, aliyemwigiza Superman kwenye televisheni miaka ya 1950, alikufa kwa risasi mwaka 1959, kisha Reeve akafuatia kwa farasi, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Wapo hata wanaodhani hao walikuwa baba na mwana. Hawakuwa na udugu wowote. Majina yao yanakaribiana tu. Na farasi kugoma mbele ya kizuizi hakuhitaji jini. Ni jambo linalotokea mara kwa mara katika mashindano ya kuruka vizuizi, na mara nyingi mpandaji hubaki kwenye tandiko lake, akamgeuza farasi na kujaribu tena.

Dai linalofuata lina sura ya busara kidogo: "Alikuwa mcheza sinema tu, alijitia kwenye mambo asiyoyajua." Si kweli. Reeve alijifunza kupanda farasi mwaka 1985 alipokuwa akiigiza katika *Anna Karenina*, na alijifunza kwa kumeza dawa za mzio, kwa sababu manyoya ya farasi yalimfanya apige chafya. Baada ya hapo akanogewa. Akafundishwa, akapanda ngazi kwa ngazi, akaingia kwenye mashindano yenye awamu tatu: farasi anaonyesha utii na hatua zake uwanjani, anakimbizwa mashambani akiruka magogo na nyua, halafu anaruka vizuizi vya miti inayodondoka akiigusa. Siku ile mjini Culpeper, jimbo la Virginia, alikuwa amevaa fulana ya kukinga mbavu na kofia ngumu, kama inavyotakiwa.

Farasi wake aliitwa Eastern Express, na waliomzoea walimwita Buck. Alikuwa amekwisha ruka vizuizi viwili. Kwenye cha tatu, chenye kimo cha mita moja hivi, alianza kuruka kisha akasimama ghafla. Mwili wa mpandaji haukusimama. Ulimpita farasi shingoni, mikono ikanasa kwenye hatamu, hatamu na lijamu vikachomoka kichwani mwa mnyama, na mtu mwenye urefu wa futi 6 na inchi 4 na uzito wa kilo tisini na kitu akatua kwa kichwa upande wa pili. Mikono ndiyo iliyoamua kila kitu. Anayeanguka mikono ikiwa huru huitanguliza; atavunjika kifundo au mfupa wa bega, atafungwa plasta, na baada ya wiki kadhaa atarudi uwanjani na hadithi ya kusimulia. Ya Reeve ilikuwa imefungwa.

Hapo watu husema: "Basi kofia yenyewe ilisaidia nini?" Ilisaidia ubongo. Kofia ngumu haikuundwa kuzuia shingo isivunjike, na hakuna anayeijua aliyewahi kuahidi hivyo. Inakinga fuvu. Reeve aliamka hospitalini akiwa na akili zake zote, kumbukumbu zake, utani wake na hasira zake. Yote aliyofanya baadaye, kuongoza filamu, kuandika, kubishana na maseneta, yalifanywa na ubongo ule uliokuwa ndani ya kofia. Mwendesha bodaboda anayening'iniza helmeti kwenye usukani kwa sababu "hata Superman alivunjika nayo" amelielewa somo kinyumenyume.

Sasa jeraha lenyewe, maana bila kulijua hatutaelewana huko mbele. Shingo ya binadamu ina pingili 7. Reeve alivunjika ya kwanza na ya pili, zile zinazobeba fuvu. Amri ya kupumua hutoka kwenye ubongo, ikashuka ndani ya uti wa mgongo, kisha ikachepuka kati ya pingili ya tatu na ya tano kwenda kwenye kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Uti ukiumia chini ya hapo, mtu anaweza kupoteza miguu, au miguu na mikono, lakini anapumua mwenyewe. Ukiumia juu ya hapo, pumzi nayo inakatika. Reeve alikuwa amelala kwenye nyasi, macho yako wazi, kifua hakipandi.

Alikufa? Hakufa, na sababu yake inavunja dai ambalo kwangu ndilo la hatari kuliko yote: kwamba aliyeanguka ainuliwe haraka. Watu wa farasi wana namna yao ya kulisema, kwamba ukianguka panda tena papo hapo, woga usikuwahi. Kwa aliyeteleza akakaa kwenye matope, sina neno. Kwa anayetapika, anayeuliza swali lile lile mara tatu, anayesema vidole vimemfa ganzi au shingo inamuuma katikati ya mfupa, ushauri huo ni wa kuua. Wahudumu wa afya waliokuwa kwenye mashindano yale walimfikia Reeve ndani ya dakika chache. Hawakumkalisha. Walimpa hewa kwa barakoa na mfuko wa kupulizia, wakaishika shingo isicheze, wakamfunga kwenye ubao, akapelekwa hospitali ya karibu na kutoka hapo kwa helikopta hadi hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, Charlottesville. Huko daktari wa upasuaji John Jane na wenzake waliunganisha upya fuvu na shingo kwa waya na kipande cha mfupa wake mwenyewe kilichotolewa kwenye nyonga.

Farasi huku Afrika Mashariki si wengi. Ukiondoa Ngong Racecourse ya Nairobi na sehemu chache nyingine, mtu anaweza kuzeeka bila kumgusa hata mmoja. Lakini pikipiki tunazo, na minazi, na miembe, na shingo huvunjika vilevile. Tazama linalotokea pale barabarani. Mmoja anashika makwapa, mwingine anashika miguu, kichwa kinaning'inia nyuma hakina mwenyewe. Majeruhi anakunjwa ndani ya bajaji, magoti yakigusa kidevu, anasindikizwa kwa honi. Mwenye huruma zaidi anamkalisha amnyweshe maji. Kila mmoja wao ana nia njema, na kila mmoja wao anaweza kukamilisha kwa mikono yake kile ambacho ajali ilikiacha nusu. Uti uliobanwa si sawa na uti uliokatika. Uliobanwa una nafasi, na nafasi hiyo hupotea wakati wa kubebana.

Kinachotakiwa hakihitaji helikopta. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa cha majeruhi, akishike pande zote mbili kilivyo, asikigeuze wala asikivute. Kofia isivuliwe ila kama inazuia pumzi. Asipopumua, pumzi inatangulia shingo: taya lisukumwe mbele kwa vidole bila kukunja shingo nyuma, hewa ipite. Kama lazima ahamishwe, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili vikienda sawia, alazwe juu ya mlango, ubao, chochote kilichonyooka, na gari liwe lile analoweza kulala akiwa amenyooka. Maji atakunywa hospitali wakimruhusu.

Turudi Marekani. "Akishavunjika shingo, maisha yake yameishia pale pale." Hili nimelisikia likisemwa hata mbele ya mgonjwa, kwa sauti ya kawaida, utadhani masikio nayo yamepooza. Reeve mwenyewe siku za mwanzo aliliwaza. Alipotambua hali yake alimwambia mkewe, Dana, kwamba pengine ingekuwa heri waachane na mashine, na Dana akamjibu kwamba uamuzi ni wake, ila kwa upande wake yeye mumewe hajabadilika na atakuwa naye hadi mwisho. Mimi sipendi kuipaka asali habari hiyo. Kuna wengi waliofikiri hivyo katika wiki za kwanza, na wengi wao baadaye wakafikiri vingine. Ndiyo maana wiki za kwanza si wakati wa kumwambia mtu maisha yake yana thamani gani.

Mwaka ule ule wa 1995, mwezi Juni, alihamishiwa taasisi ya Kessler, New Jersey, akakaa hadi Desemba. Humo alijifunza mambo ambayo hayamo kwenye filamu yoyote: kuendesha kiti cha magurudumu kwa kupuliza na kunyonya mrija, kuzungumza kwa kufuata mapigo ya mashine ya kupumulia, kuvumilia kuogeshwa, kuwaelekeza wauguzi badala ya kuwangoja wabahatishe. Machi 1996 alitokea jukwaani kwenye tuzo za Oscar, ukumbi mzima ukasimama. Mwaka 1997 aliongoza filamu ya televisheni, *In the Gloaming*. Mwaka 1998 alitoa kitabu cha maisha yake na kuigiza tena, akiwa kwenye kiti hicho hicho, katika *Rear Window*, kazi iliyompa tuzo ya chama cha waigizaji. Mtu ambaye maisha yake yameisha hana ratiba ya namna hiyo.

Nimefika kwenye dai kuu. "Superman alipambana, akatia nia, akashinda ulemavu." Vipande viwili vya kwanza ni kweli. Cha tatu si kweli, na ubaya wake ni kwamba Reeve mwenyewe alichangia kukieneza. Alitangaza hadharani kwamba atatembea kabla hajatimiza miaka 50. Januari 2000, wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na mamilioni, tangazo la kampuni ya uwekezaji ya Nuveen lilimwonyesha akiinuka kitini na kutembea. Ni kompyuta iliyofanya hivyo, lakini wapo waliouguza jamaa zao ambao waliamini na kuuliza dawa inapatikana wapi. Charles Krauthammer, mwandishi wa safu aliyesomea udaktari na ambaye yeye mwenyewe alipooza akiwa mwanafunzi baada ya ajali ya kupiga mbizi, alimshambulia kwa maneno makali: unawauzia watu ndoto, hasa vijana walioumia juzi ambao wanapaswa kuanza kujifunza kuishi na miili waliyo nayo. Watetezi wengi wa haki za wenye ulemavu walikuwa upande huo.

Septemba 25, 2002, Reeve alitimiza miaka 50. Alikuwa kitini.

Je, alikosa nia? Kama nia ingeunga uti, ya kwake ingeuunga mara mbili. Alikuwa na nia, pesa, mke asiyebanduka, madaktari wakubwa wa nchi tajiri, na hakutembea. Uti uliojeruhiwa haujui kama mwenyewe ni shujaa au mwoga. Unajua umeumia kwenye pingili ipi, umeumia wote au sehemu, ulibanwa kwa muda gani, uvimbe ulidhibitiwa au haukudhibitiwa. Kumwambia aliyepooza "tia nia" kuna upande wa pili ambao hatuusemi kwa sauti: kwamba asipotembea ni kosa lake. Nimeona wagonjwa wakiubeba mzigo huo juu ya ule wa mwili, wakiomba radhi kwa mama zao kwa kutopona.

Wenye kubisha watanijibu: "Lakini si alianza kusogeza vidole?" Naam, na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa na linapindwa kutoka pande zote mbili. Upande mmoja wako waliokuwa wakifundisha kwamba kisichorudi ndani ya miezi sita, au tuseme miaka miwili, hakirudi tena. Reeve aliambiwa hivyo. Kuanzia mwaka 1999 aliingia kwenye mpango wa mazoezi mazito ulioandaliwa na Dk. John McDonald wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis: baiskeli ambayo miguu yake iliyopooza iliizungusha kwa umeme mdogo unaoamsha misuli, meza ya kumsimamisha wima, baadaye mazoezi ndani ya maji. Mwaka 2000, miaka mitano baada ya ajali, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilitii amri. Ripoti ya kitabibu ilichapishwa mwaka 2002. Katika kipimo cha nguvu za misuli ambacho mzima hupata 100, alitoka 0 akafika 20. Hisia za mguso, zilizokuwa karibu hakuna, zilirudi zaidi ya nusu. Aliweza kuhisi mkono wa mwanawe.

Kwa hiyo dai la "miaka miwili na mlango umefungwa" limeanguka. Ila asitokee mtu akalichukua hilo na kukimbia nalo. Ishirini kwa mia si kutembea, wala si kushika kijiko. Tena huyo ni mtu mmoja, na kwa mtu mmoja huwezi kujua kwa hakika ni mazoezi yaliyofanya kazi au kulikuwa na nyuzi chache zilizosalimika ambazo zingeamka zenyewe. Madaktari walisema hivyo wakati ule. Mimi katika ripoti nzima navutiwa na sehemu ambayo magazeti hayakuipamba: baada ya kuanza mazoezi, maambukizo yalipungua sana, antibiotiki zikapungua, mifupa ikapata uzito, misuli ikanenepa. Siku za kulazwa hospitali zikawa chache, siku za kufanya kazi zikawa nyingi. Kwa mtu aliyepooza hilo ni jambo la maana kuliko kidole, ingawa halipigiki picha.

Na pumzi. Novemba 1995 alianza kujaribu kupumua bila mashine. Alipoondoka Kessler aliweza kwa nusu saa hivi. Mwaka 2003, mjini Cleveland, Dk. Raymond Onders alimpandikizia nyaya ndogo kwenye kiwambo ili umeme ufanye kazi ya amri ya ubongo isiyofika tena. Ilimaanisha saa kadhaa bila bomba shingoni, na kunusa tena, maana anayepumua kwa tundu la koo hanusi kahawa iliyo mbele yake.

Hapa niweke neno la pembeni, kwa kuwa najua nyumba nyingi zinalihitaji. Kuna siku shuka likivutwa, mguu wa mgonjwa hurusha teke. Familia nzima hushangilia: "Umecheza! Anapona!" Polepole. Mguu unaocheza wenyewe mara nyingi ni uti wa chini ukijiendea bila mwenye nyumba. Ubongo haujaagiza chochote. Kipimo ni chepesi: mwambie asogeze kidole gumba mara tatu, kisha asitishe. Akisogeza kwa amri na kusitisha kwa amri, mpigie daktari simu kwa furaha. Mguu ukiruka tu unapoguswa, mfunike, na angalia kama kuna kitu kinachomsumbua asichokihisi: shuka lililojikunja, kucha iliyoingia ndani, mpira wa mkojo uliojipinda. Huo mpira usiudharau. Aliyeumia uti shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kibofu kikijaa bila njia, presha hupanda ghafla: kichwa kinamgonga, uso unalowa jasho, mapigo ya moyo yanakwenda taratibu. Mkalishe wima, mlegezee nguo, nyoosha mpira, na isipotulia mkimbize hospitali. Wagonjwa hupata kiharusi kwa sababu ya mpira uliokanyagwa na mguu wa kitanda.

Baada ya nia, huja dawa. "Seli shina zingemponyesha, ni siasa tu zilizozuia." Mizizi ya dai hili inajulikana. Agosti 2001 Rais George W. Bush aliwekea mipaka fedha za serikali kwa utafiti wa seli shina za viinitete, na Reeve akawa sauti kubwa ya kuipinga mipaka hiyo. Siku moja baada ya kifo chake, mgombea mwenza wa John Kerry katika mbio za urais, John Edwards, aliwaambia wapiga kura wa Iowa kwamba Kerry akishinda, watu kama Reeve watainuka vitini na kutembea tena. Miaka mingi imepita, marais wamebadilika, fedha zimefunguliwa, na bado hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia mwendo mtu aliyekatika uti. Utafiti unaendelea na unastahili kuendelea. Lakini anayekuambia uuze kiwanja umpeleke kijana wako ng'ambo akachomwe "seli" muulize swali moja: majaribio halisi ya kitabibu huwa hayamtozi mgonjwa mamilioni, hayo yenu yanatoza kwa nini?

Suti za roboti nazo zipo, na si hadithi. Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza mwaka 2007 baada ya kuangushwa na farasi mashindanoni, alizimaliza kilomita 42 za marathoni ya London mwaka 2012 ndani ya suti hiyo. Zilimchukua siku 16. Nampa heshima zake zote, na hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini kiti cha magurudumu bado ndicho usafiri.

Limebaki la pesa. "Reeve aliishi kwa sababu alikuwa tajiri, maskini asijisumbue." Nusu ya hili siwezi kuikanusha. Bima yake ilikuwa na kikomo cha dola milioni 1.2 kwa maisha yake yote, na gharama za wauguzi na mashine zilikuwa zikikitafuna kikomo hicho kwa kasi. Alipigania bungeni kiinuliwe hadi milioni 10 na akashindwa. Vikomo vya namna hiyo vilipigwa marufuku na sheria ya afya ya mwaka 2010, yeye akiwa hayupo. Anayepumua kwa mashine anahitaji umeme usiokatika na mtu macho usiku kucha. Hilo kwetu ni gumu, tusidanganyane.

Hata hivyo, utajiri wa mtu mmoja si njia pekee. Desemba 1963 mpanda farasi wa mbio Tim Brookshaw alivunjika mgongo huko Liverpool. Miezi michache baadaye, kwenye Grand National ya 1964, Paddy Farrell naye akavunjika. Wote wawili walikuwa watu wa kulipwa kwa kila safari ya farasi, na fidia iliyokuwepo ilikuwa ndogo. Wapenda mbio walichanga, mchango ukageuka mfuko wa kudumu, na leo Injured Jockeys Fund ina vituo vyake vya kuwatibu walioumia, kikiwemo Oaksey House cha Lambourn kilichofunguliwa mwaka 2009. Vyama vya bodaboda vinavyokusanya ada kila siku vina uwezo wa kuanzisha kitu cha namna hiyo. Vingi vinachangia mazishi. Mgonjwa anayeishi huwa havijui vimfanyie nini.

Nusu ya pili ya dai, kwamba maskini asijisumbue, ndiyo ya uongo mtupu. Mwaka 1944 daktari mkimbizi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya waliovunjika uti huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo mgonjwa wa aina hii alitarajiwa kufa mapema, na kilichomuua mara nyingi kilikuwa ngozi iliyooza kwa kulala upande mmoja, au mkojo uliochafuka. Guttmann hakuwa na seli shina wala roboti. Alisimamia wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alikuwa akipita usiku kuhakikisha. Wakaacha kufa. Mwaka 1948 wagonjwa wake walikuwa wakishindana kulenga mishale, na michezo hiyo ndiyo iliyozaa Paralimpiki.

Reeve alikuwa na wauguzi zamu kwa zamu na godoro la kisasa, na bado kidonda cha mgandamizo kilimpata. Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa maambukizo ya kidonda hicho. Tarehe 9 moyo ulisimama, tarehe 10 akafariki, akiwa na umri wa miaka 52. Kwa hiyo unayemuuguza mtu nyumbani, mgeuze kila saa mbili, na asubuhi na jioni mkague kwa taa: mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, kisogo. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta palipokoza au kubadilika rangi, gusa kwa mgongo wa mkono kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukipapata, asipalalie tena hadi parudi kawaida. Pakichubuka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.